Kidonge Chako cha Maumivu Si cha Mbwa wa Shamba



Leo siongelei mbolea wala bei ya maharage. Naongelea mbwa. Najua wapo watakaosema afisa ugani naye kaishiwa mada, lakini nisomeni mpaka mwisho, maana hili ni suala la shamba na ni suala la hela.

Huku kwetu mahindi yakianza kubeba, na kazi ya kulinda inaanza. Mchana wanakuja nyani na ngedere, usiku wanakuja nguruwe pori. Mwenye shamba karibu na msitu, au upande wa kuelekea Pori la Akiba Moyowosi, asipolinda wiki mbili tu anavuna mabua. Wenye mbuzi nao wana fisi wao. Katika kazi hiyo, mtu mwenye tochi na debe la kupiga anasaidia, ila anayesikia kwanza, anayekimbia kwanza na anayeumia kwanza ni mbwa. Anakatwa na meno ya nguruwe pori, anang'atwa na nyani dume, anateguka mguu akiruka mtaro, anachomwa na miiba.

Sasa akirudi nyumbani anachechemea, tunafanya nini? Wengi wetu tunaingia ndani, tunachukua vidonge vilivyobaki vya mzee mwenye mgongo, tunaviringisha kimoja kwenye tonge la ugali, tunamrushia. Brufen, diklofenaki, Panadol, chochote kilichopo. Kisa mtu akimeza anapata nafuu, basi na mbwa atapata.

Msimamo wangu ni huu: tuache kabisa. Kidonge cha maumivu cha binadamu kisimpite mbwa wa shamba kooni, hata nusu, hata mara moja, mpaka mtu aliyesomea mifugo awe amempima na kutaja dozi. Sisemi mbwa aachwe ateseke, hapana. Mbwa aliyeumia anastahili kupozwa maumivu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hairuhusu mnyama aachwe kwenye mateso yanayoepukika. Ninachosema ni kwamba kile kidonge cha kwenye mfuko wa shati mara nyingi kinaongeza mateso, na kinayaongeza mahali ambapo hatuoni.

Ndani ya mwili kunatokea nini

Dawa kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zinafanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali zinazoitwa prostaglandini. Kemikali hizo ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu, kwa hiyo ukizizuia maumivu yanapungua. Hapo ndipo wengi tunapoishia.

Lakini prostaglandini zina kazi nyingine. Zinalinda ukuta wa tumbo usiliwe na tindikali ya tumbo lenyewe, na zinasaidia damu kufika vizuri kwenye figo, hasa mwili unapokosa maji. Ukizizuia kupita kiasi, umepunguza maumivu ya mguu huku umeondoa ulinzi wa tumbo na wa figo. Binadamu naye anapata madhara hayo, ndiyo maana anaambiwa ale kwanza kabla ya kumeza. Kwa mbwa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mwili wake hauziondoi baadhi ya dawa hizi kwa kasi ya mwili wa mtu. Ibuprofeni, kwa mfano, inakaa mwilini mwake muda mrefu na inazunguka tena na tena kati ya ini na utumbo. Unapompa kidonge cha jioni, cha asubuhi bado kinafanya kazi.

Parasetamoli iko tofauti kidogo. Haichubui tumbo kama hizo nyingine, lakini ikizidi inaharibu ini, na ikizidi sana inaharibu damu ishindwe kubeba hewa. Ufizi unageuka kuwa wa kahawia au wa bluu, uso na miguu vinavimba. Kwa paka ni mbaya zaidi: kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinatosha kumuua. Na mashamba mengi yana paka wa kuzuia panya ghalani, kwa hiyo hilo likae kichwani.

Piga hesabu ya kilo

Nyinyi ni wakulima wa biashara. Hamnyunyizi dawa ya viwavijeshi kwa kukisia, mnasoma mililita ngapi kwa lita ngapi. Basi tufanye hesabu hiyo hiyo.

Mbwa wetu wengi wa kienyeji wana kilo 12 hadi 20. Tuchukue mwenye kilo 15. Kidonge kimoja cha ibuprofeni cha miligramu 400 kinampa karibu miligramu 27 kwa kila kilo. Mtu mwenye kilo 60 akimeza hicho hicho anapata chini ya miligramu 7 kwa kilo. Na kwa mbwa, kuanzia kama miligramu 25 kwa kilo kutapika na vidonda vya tumbo ni jambo la kutarajiwa, na wengine wanaumia hata kabla ya kufika hapo. Yaani kidonge kimoja kimeshakuingiza kwenye hatari, na wengi hatutoi kimoja. Tunatoa asubuhi na jioni, siku tatu.

Diklofenaki ya miligramu 50 kwa mbwa huyo ni zaidi ya miligramu 3 kwa kilo, mara nne ya anachopata mtu wa kilo 60. Na mbwa ni mnyama mwepesi sana kuumizwa na diklofenaki. Parasetamoli ya miligramu 500 ni miligramu 33 kwa kilo, wakati madaktari wa mifugo wanaoitumia kwa mbwa wanakaa kwenye 10 hadi 15. Mtoto wa mbwa mwenye kilo 4 akimezeshwa kidonge kimoja kizima anapata miligramu 125 kwa kilo, na ini linaanza kuwa hatarini kwenye 100. Vile vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamoli pamoja vinabeba hatari zote mbili kwa mkupuo mmoja.

Kuna anayesema, "Mimi simpi ya binadamu, nampa sindano ya ng'ombe, hiyo si ya mifugo?" Hebu tuiangalie. Meloksikamu ni dawa nzuri, na ni miongoni mwa zinazotumika kwa mbwa duniani kote. Dozi yake kwa mbwa ni miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 siku zinazofuata. Kwa kilo 15 hiyo ni miligramu 3, halafu 1.5. Sindano ya ng'ombe inayouzwa kwa nguvu ya miligramu 20 kwa mililita, ukivuta mililita moja tu umempa zaidi ya mara sita ya dozi ya siku ya kwanza. Kidonge cha binadamu cha meloksikamu cha miligramu 7.5 ni mara tano ya dozi yake ya kila siku. Dawa ni sahihi, kipimo ndicho kimeua. Sijaandika namba hizi ili mtu akajipimie mwenyewe nyumbani. Nimeziandika ili uone jinsi nafasi ya kukosea ilivyo ndogo.

Madhara usiyoyategemea

Hapa ndipo naomba mtulie, maana mbwa wa kwetu hawaishi kama mbwa wa kwenye vitabu.

La kwanza ni kupe. Kuna ugonjwa unaoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa unaoitwa ehrlichiosisi. Unashusha zile chembe za damu zinazosaidia damu kugandia kwenye kidonda. Mbwa mwenye ugonjwa huo anaweza kuwa na homa, akanyong'onyea, viungo vikamuuma, akachechemea. Wewe unaona mguu. Unadhani kateguka. Unampa aspirini, dawa ambayo nayo inazidhoofisha chembe hizo hizo chache zilizobaki. Asubuhi unakuta damu inatoka puani au kinyesi ni cheusi, unaanza kutafuta nani kamwekea sumu. Jirani anasingiziwa bure.

La pili ni maji. Mbwa aliyefukuza nyani tangu alfajiri, jua la kiangazi linawaka, hajanywa maji hadi saa nane, figo zake zinategemea sana zile prostaglandini ili damu iendelee kufika. Ukimpa dawa inayozizuia saa hiyo hiyo, unaweza kuzima figo kwa dozi ambayo siku nyingine isingemdhuru. Kwanza maji na kivuli. Mengine baadaye.

La tatu ni kuchanganya. Kwenye maeneo yetu deksamethazoni inachomwa sana. Mtu anakuja na begi, anachoma "sindano ya uvimbe", anaondoka bila kuandika chochote. Mwenye mbwa akiona bado anachechemea anaongeza diklofenaki. Dawa za jamii ya deksamethazoni zikikutana na dawa za jamii ya diklofenaki au ibuprofeni, vidonda vya tumbo vinakuja haraka na tumbo linaweza kutoboka kabisa. Mbwa aliyetoboka tumbo huwezi kumwokoa kwa maziwa wala kwa mkaa. Kwa hiyo yeyote anayemchoma mbwa wako sindano, mwambie akuandikie jina la dawa. Kama hataki kuandika, asichome.

La nne ni magonjwa yanayojificha. Upande wenye mbung'o, mbwa anaweza kupata nagana kama ng'ombe: homa, kukonda, macho kuwa na ukungu, uvimbe. Kidonge cha maumivu kitashusha homa siku mbili, utasema kapona, wakati vimelea vinaendelea na kazi. Hata mguu uliovunjika ni hivyo hivyo. Maumivu ndiyo yanayomfanya mbwa asiukanyagie. Ukiyazima bila kuufunga mguu, usiku atasikia nguruwe pori, atakimbia nao, na ufa mdogo unakuwa mvunjiko.

La tano ni mbwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha. Huyo dawa nyingi za jamii hii hapewi hata na mtaalamu, isipokuwa kwa sababu nzito. Na wengi wetu hatujui kama ana mimba mpaka tumbo lionekane.

Hatari inayokuhusu wewe mwenyewe

Kuna jambo moja linanisumbua kuliko yote. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetoa mate mengi, sauti imebadilika, anashindwa kumeza, miguu ya nyuma inalegea: watu wanasema kooni kuna mfupa, au ana maumivu. Wanamfungua mdomo wamsukumie kidonge. Hizo ni dalili zinazoweza kuwa za kichaa cha mbwa, na mate ndiyo yanayobeba virusi. Umeingiza vidole kwenye mdomo wenye kifo ukiwa na mchubuko wa jembe mkononi.

Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Kabla hazijaanza, kinazuilika. Mbwa mwenye dalili hizo usimshike, usimlishe dawa. Mfungie kama inawezekana bila kumgusa, piga simu kwa bwana mifugo. Kama ameshakuuma au mate yameingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo. Usisubiri uone mbwa atakuwaje.

Hata dawa ya mbwa yenyewe inafuatiliwa

Mtu asije akadhani dawa ikiandikwa "kwa mbwa" basi imekwisha. Marekani kuna sindano ya kupunguza maumivu ya viungo kwa mbwa inayoitwa Librela, inachomwa mara moja kwa mwezi. Mamlaka ya dawa ya huko iliiruhusu mwaka 2023 baada ya majaribio. Desemba 2024 mamlaka hiyo hiyo iliwaandikia barua madaktari wa mifugo kuwatahadharisha kuhusu taarifa zilizokuwa zimepokelewa: mbwa kuyumba wakitembea, degedege, kukojoa ovyo, kiu kupita kiasi, na wengine kufa. Taarifa kama hizo peke yake hazithibitishi kwamba kila tukio lilisababishwa na dawa, na mbwa wengi wanaitumia wakapata nafuu. Ninachotaka mkione ni utaratibu: kuna aliyepima mbwa, kuna aliyeandika tarehe na dozi, kuna aliyetoa taarifa mambo yalipoharibika. Ndiyo maana waligundua.

Sisi huku mbwa akifa tunasema "kalishwa sumu" au "siku zake zilifika", tunamfukia, tunatafuta mwingine. Hakuna anayejifunza kitu. Wakati TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inashughulikia dawa za mifugo pia na inapokea taarifa za madhara. Taarifa inaanzia kwako: jina la dawa, namba ya toleo kwenye pakiti, umempa kiasi gani, lini, akafanya nini. Mpe bwana mifugo aipeleke.

Madhara yanaweza kutoka nje ya boma

Mnisamehe nikienda mbali kidogo, hadi India, maana somo lenyewe ni la wafugaji. Huko diklofenaki ilianza kutumika sana kwa ng'ombe kama dawa ya bei nafuu ya maumivu. Ng'ombe aliyekufa akiwa na dawa mwilini aliliwa na tumbusi, na tumbusi walikufa kwa figo kushindwa kazi. Aina tatu za tumbusi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95 ndani ya miaka michache. Chanzo kilithibitishwa na wanasayansi mwaka 2004, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikaizuia dawa hiyo kwa mifugo. Tumbusi walipokwisha, mizoga ikabaki kwa mbwa wa mitaani, mbwa wakaongezeka, na hofu ya kichaa cha mbwa ikaongezeka nao.

Hakuna mfugaji hata mmoja kule aliyetaka hayo. Alitaka ng'ombe wake aache kuchechemea, basi. Na msidhani sisi tuko mbali na hilo: mwaka 2007 diklofenaki ilikutwa ikiuzwa kwenye huduma ya mifugo hapa Tanzania, na tumbusi wetu wa Afrika nao wanadhurika nayo. Kwa hiyo mnyama yeyote aliyekufa akiwa kwenye dawa, awe mbwa, mbuzi au ng'ombe, mfukie kwa kina. Usimtupe porini.

"Mtaalamu yuko mbali, halafu ghali"

Hoja hii naisikia kila siku, na siyo ya uongo. Madaktari wa mifugo ni wachache, kata nyingi zina ofisa mmoja mwenye vijiji vingi na pikipiki isiyo na mafuta. Na bwana mifugo mwenyewe kazi yake kubwa ni ng'ombe na mbuzi. Kijana akipiga hesabu anaona nauli ya bodaboda ya kumleta mtaalamu inazidi bei ya kununua mbwa mdogo sokoni. Kwa hesabu hiyo, kidonge kinaonekana ndiyo busara.

Lakini hesabu hiyo imeacha kitu. Mbwa mdogo wa sokoni hajui shamba lako. Hajui mpaka wako, hajui sauti ya nguruwe pori kwenye mahindi, hajui mbuzi wako ni wepi. Inamchukua msimu mzima au zaidi kufikia pale alipokuwa yule wa zamani, na msimu huo wote wewe unalinda mwenyewe au unalipa mtu alinde. Andika kwenye daftari unamlipa mlinzi kiasi gani kwa usiku, zidisha kwa usiku wa tangu mahindi kubeba hadi kuvuna. Ongeza magunia utakayopoteza. Halafu weka pembeni gharama ya kumtibu mbwa vizuri mara moja kwa mwaka. Fanya hesabu hiyo kwa namba zako mwenyewe, siyo zangu, uone ipi ndogo.

Pili, gharama ya mtaalamu ni kubwa kwa sababu kila mtu anamwita peke yake, na anamwita mambo yakishaharibika. Vijana wa Makere au Heru Juu mkiwa kumi, kila mmoja ana mbwa wawili, hao ni mbwa ishirini. Mkikubaliana siku moja kwa mwezi au kwa miezi miwili, mkachangia mafuta ya pikipiki, bwana mifugo anawachanja, anawapima, anawaangalia kupe, anawaandikia. Vijana wa Kifura na Mabamba mnaweza kufanya hivyo hivyo. Mbona kununua mbolea kwa pamoja tumeweza?

Tatu, nawaambia wenye maduka. Duka la pembejeo linalouza mbegu na dawa za kupulizia kwa wakulima wa biashara linaweza pia kuweka meloksikamu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kwa njia za halali na kwa maelekezo ya mtaalamu. Haipo kwa sababu hatuiulizii. Na ninyi wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, mteja akiagiza diklofenaki, muulizeni swali moja dogo: "Anameza nani?" Akisema mbwa, msimuuzie. Mnapoteza shilingi chache leo, mnabaki na mteja anayewaamini.

Cha kufanya kuanzia leo

Wakati wa amani, mjue uzito wa mbwa wako. Mzani wa kupimia maharage unatosha: panda mwenyewe, soma, kisha panda ukiwa umembeba, toa tofauti. Andika kwenye daftari la shamba pamoja na tarehe ya chanjo ya kichaa na tarehe ya mwisho ya dawa ya kupe. Andika na namba ya simu ya bwana mifugo hapo hapo. Siku ya dharura hutapata muda wa kuitafuta.

Mbwa akiumia, mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kumgusa, maana mbwa mwenye maumivu anamng'ata hata anayempenda. Ila asifungwe kama anatapika au anahema kwa shida. Mpe kivuli na maji ya kunywa kwa kiasi. Kidonda kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Pakivimba, weka kitambaa cha maji baridi dakika kumi, pumzisha, rudia. Mfunge bandani asikimbie kwa siku kadhaa. Kupumzika peke yake kunatibu misuli mingi iliyoteguka. Piga simu, taja uzito, eleza ulichoona, tuma na picha ya ufizi kama una simu ya kupiga picha.

Kama tayari umeshampa kidonge, usingoje. Acha kumpa kingine, tunza pakiti, piga simu ukiwa nayo mkononi. Angalia haya: kutapika, hasa kukiwa na damu au kitu kama ungaunga wa kahawa; kinyesi cheusi kinachonata kama lami; kukataa chakula; mgongo kukunjwa; ufizi kuwa mweupe; macho kuwa ya njano; kunywa maji na kukojoa kupita kawaida, au kutokojoa kabisa. Hata moja tu likitokea, ni dharura.

Na mambo haya msiyafanye: usimtapishe kwa maji ya chumvi, chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa. Usimmiminie mafuta ya kula, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Maziwa hayafuti dawa. Na hospitali ya mifugo au ofisi yoyote ukifika, sema ukweli umempa nini. Hakuna atakayekufunga kwa sababu ya kidonge, lakini mtaalamu asiyejua kilichoingia tumboni anaweza kumchoma dawa inayogongana na ile uliyompa.

Vijana, kilimo cha biashara ni kujua kila kitu kinachozalisha na kukilinda. Pampu ikiharibika huimwagii mafuta yoyote uliyoyakuta chini, unauliza fundi inatumia oili gani. Mbwa anayekulindia mahindi usiku kucha naye anahitaji swali hilo hilo kabla hujamfungulia pakiti ya dawa.

Wiki hii, kabla ya Jumapili, nendeni na mbwa wenu kwenye mzani, na mzungumze na wenzenu wa jirani mpange siku ya kumwita bwana mifugo. Mkikwama kumpata, nitumieni jina la kijiji chenu na idadi ya mbwa, niwaunganishe na wa kata yenu.

Kazi njema.